Tupeane uzoefu: nyumba ya kupanga, vyumba sita, mita moja ya LUKU

Mpangaji wa Tabata
Habari zenu wakuu. Jana saa tano usiku giza. Nikadhani umeme umekatika mtaa mzima, natoka nje naona kwa jirani taa zinawaka. Kumbe LUKU yetu, huu umeme wa kununua kabla ya kutumia, imeisha. Tuko vyumba sita, mita moja, na mwenye zamu ya kununua kazima simu. Nimekaa kibarazani na mtoto wa miezi minane analia kwa joto mpaka saa nane usiku, nikaamua kununua mwenyewe. Asubuhi napita kudai mchango, naambiwa "nani alikutuma?" Neno hilo limeniuma kuliko lile joto. Mlioishi hivi, mlifanyaje?

Chumba na Sebule
"Nani alikutuma" nimeambiwa Mwanza, nikaja kuambiwa tena Morogoro. Pole sana mkuu.

Mama Mapacha
Umenikumbusha mbali. Kabla sijaolewa nilikaa chumba chenye mita yake, ipo D1, ile bei ya mtumiaji mdogo asiyezidi yuniti 75 kwa mwezi. Natoa 9,150 napata yuniti 75, mwezi unaisha na nyingine zimebaki. Tulipohamia nyumba ya familia saba nikakuta mita ipo kwenye bei ya kawaida, kwa sababu familia saba yuniti 75 hazimalizi hata siku kumi. Elfu tano yangu ikawa inaleta yuniti 14. Ikiwa ndiyo manunuzi ya kwanza ya mwezi, inakatwa 1,500 ya kodi ya jengo kwanza, inarudi na yuniti tisa na ushee.

Sasa fikirini. Kila mmoja wetu angekuwa na mita yake angestahili bei ya mtumiaji mdogo. Tunalipa bei ya mtumiaji mkubwa kwa kuwa tumebanana nyumba moja. Mwenye chumba kimoja analipa zaidi ya shilingi 350 kwa yuniti, na yule mwenye mita yake peke yake analipa 122. Hili linanikera miaka yote na sisikii watu wakilisema.

Mstaafu Mwenye Nyumba
Binti, hiyo 1,500 ni ya mwenye nyumba, si ya mpangaji. Wapangaji wangu wananionyesha ujumbe wa manunuzi, nawapunguzia kwenye kodi ya pango. Mkikaa kimya mtamlipia mpaka mhame.

Mpangaji wa Tabata
Shikamoo mzee. Wa kwangu nilimgusia hilo mwaka juzi, jibu lake lilikuwa "vyumba viko vingi mjini".

Kapera wa Mabibo
Mimi nasema wazi, wanaoumia ni makapera. Natoka alfajiri, narudi saa tatu usiku, nawasha taa moja nalala. Mwenzangu ana friji, pasi, hita, watoto wanne na TV tangu asubuhi. Mchango sawasawa, elfu tano kwa elfu tano. Haki iko wapi?

Mama Mapacha
Kaka, usiwaingize watoto. Kwetu aliyekuwa anamaliza umeme ni kapera mwenye sabufa na jiko la umeme alilolificha chini ya kitanda.

Kapera wa Mabibo
Mimi sina jiko la umeme, dada. Usinihukumu kwa makosa ya jirani yako.

Fundi wa Mtaani
Msigombane, tazameni wati. Hita ya kuchemshia maji ya wati 2,000 ikiwaka nusu saa imekula yuniti moja. Pasi ya wati 1,000, saa moja, yuniti moja. Taa ya LED ya wati 9 inakwenda zaidi ya saa 100 ndipo imalize hiyo yuniti moja. TV ya wati 60 inapata saa 16 hivi. Nimeona watu wakikunjana mashati kwa ajili ya taa ya korido wakati watu watatu wanachemsha maji ya kuoga kila alfajiri. Chochote kinachotoa joto ndicho kinachokula hela. Fungeni submita, yaani mita ndogo, kila chumba, mwisho wa mwezi kila mtu asomewe yake.

Mstaafu Mwenye Nyumba
Submita nilifunga mimi. Baada ya miezi miwili jumla ya submita zote haifiki hata nusu ya mita kubwa. Kuna aliyeunganisha waya nyuma. Nilizing'oa zote. Dawa ni kuingiza umeme kwenye kodi, basi.

Fundi wa Mtaani
Mzee, uliyemfunga mkono ni mwaminifu na uliyemwacha ni mwizi. Ziwekwe sehemu moja nje, kwenye boksi lenye kufuli, waya zikiwa wazi kila mtu anaziona.

Binti wa Mbagala
Nilikuwa nasoma tu, ila naona niseme yaliyonikuta. Nyumba yetu mita iko juu ya nguzo, ndani kuna kile kidude cha kuingizia namba. Kidude kilikuwa chumbani kwa jirani mmoja kwa sababu ndiye mpangaji wa zamani kuliko wote. Ijumaa usiku LUKU ikaisha. Mchango tulikuwa nao, tukanunua, tarakimu 20 zikaingia kwenye simu yangu. Tunagonga mlango, kimya. Kaenda msibani Moshi, kafunga chumba, simu haipatikani.

Mama yangu alikuwa amekuja kwangu kwa ajili ya kliniki. Ana kisukari, anachoma insulini, na chupa zake za mwezi mzima zilikuwa kwenye friji yangu. Mwezi wa pili, mnalijua joto lake. Namba ninazo mkononi, hela imeshatoka, na sina pa kuziingiza. Usiku ule sikulala, kila nikisikia bodaboda nadhani ni yeye anarudi. Alfajiri nikazifunga zile chupa kwenye mfuko nikazipeleka kwa dada anayeuza soda, akanipa kona ya friji yake. Nikarudi mama ananiuliza kama namlaumu kwa kuja. Nililia.

Saa nne tukamwita mjumbe. Tukaomba tuvunje mlango, akakataa. Akakubali tutoe vioo viwili vya dirisha yeye akiwa pale. Mtoto wa jirani, miaka 11, akapita, akakipata kidude ukutani, namshukuru Mungu betri zake zilikuwa nzima. Tukamsomea namba kupitia dirishani, nne nne, yeye anazirudia kwa sauti. Alikosea mara ya kwanza. Ya pili taa zikawaka, nyumba nzima ikapiga kelele.

Jumatatu jirani karudi, anadai kaibiwa elfu arobaini chumbani. Tuliishia ofisi ya serikali ya mtaa.

Chumba na Sebule
Duh. Pole dada.

Kapera wa Mabibo
Pole sana. Ila kumwingiza mtoto dirishani kwa mtu hapana. Mimi pia ningelalamika.

Mama Mapacha
Ungelalamika nini na wewe ndiye ungekuwa umeondoka na umeme wa nyumba nzima? Mgonjwa angekuwa mama yako ungeongea hivi?

Kapera wa Mabibo
Sijasema mgonjwa aachwe. Nasema chumba cha mtu ni chumba cha mtu. Na huyo mtoto angepigwa shoti je?

Muuguzi Nje ya Zamu
Dada wa Mbagala, ulifanya vizuri kuzihamisha. Insulini ambayo haijafunguliwa inatakiwa ikae nyuzi 2 hadi 8. Iliyoanza kutumika nyingi zinavumilia nje ya friji kama wiki nne joto lisipozidi nyuzi 25 hadi 30, soma karatasi yake. Umeme ukikata, chukua chungu cha udongo kilicholowana, kiweke kivulini, chupa ndani ya kifuko kisichopitisha maji. Na msiziweke kwenye barafu, ikiganda ndiyo imeharibika.

Nyegezi Juu
La kwetu lilikuwa 2024, kipindi cha kuboresha mita. Ujumbe ukaja na tarakimu 60, makundi matatu ya 20. Mwenye zamu, baba wa watu mzima, akaingiza kundi la mwisho tu, mita ikakataa. Siku mbili giza na sisi tunamsema kala hela, mpaka mkewe akaacha kutoka nje. Kijana wa duka ndiye aliyetuambia tuanze na makundi mawili ya kwanza. Tulimwendea yule baba wote kumwomba radhi. Alitusamehe, lakini zamu hakuishika tena.

Fundi wa Mtaani
Kidude kikae koridoni. Hata kama nyumba ina watu wawili, koridoni.

Mstaafu Mwenye Nyumba
Koridoni watoto watakichezea. Kikae kwa mwenye nyumba.

Chumba na Sebule
Mwenye nyumba wetu anaishi Arusha.

Mpangaji wa Tabata
Nimewasomea wenzangu jioni hii kisa cha dada wa Mbagala. Yule aliyeniambia "nani alikutuma" ameniletea elfu tano yake, kaiweka mezani bila neno. Dada, kesi iliishaje? Na mama anaendeleaje?

Binti wa Mbagala
Kesi ilikufa, elfu arobaini ilikuwa kwenye koti alilosafiri nalo. Hakuomba radhi, ila kidude alikileta koridoni mwenyewe. Mama yupo, asante. Chupa zake mpaka leo anapenda zikae kwa dada wa soda.