Mpangaji akikwama, amana ikatwe au isiguswe?

Wadau, habari za asubuhi. Mimi ni fundi cherehani, nimepanga Chikongola, Mtwara mjini. Naomba tujadili: mpangaji akikwama kodi, mwenye nyumba akate kwenye amana yake, au amana isubiri siku ya kuhama?

Mimi nasema ikatwe, tena kwa maandishi.

Niliingia kwa kodi ya 60,000 kwa mwezi, miezi sita kwa mkupuo: 360,000. Amana mwezi mmoja, dalali mwezi mmoja. Jumla 480,000 kabla sijatandika godoro. Niliipata kwa kuwa ilikuwa Novemba, minada ya korosho imechangamka na kila mtu anashona. Miezi sita ikaishia Mei, mji umekauka. Bodaboda, mama lishe, wapakia magunia maghalani, sote tunakula korosho hata tusio na mkorosho hata mmoja.

Nilipungukiwa 50,000. Nikamwambia mwenye nyumba, mzee wangu, kata kwenye amana, Oktoba naijaza. Akakataa, akasema ile ni ya uharibifu. Nikakopa kwa mtu wa riba, nikarudisha 75,000, na 60,000 yangu imelala kwake. Mnaijua kangomba, mkulima anavyouza korosho zingali maua kwa sababu njaa haingoji mnada. Ndivyo nilivyoiuza Oktoba yangu mwezi wa tano.

Na huo uharibifu nani anaupima? Nilipohama nyumba ya kwanza, Magomeni, mwenyewe alizunguka na kalamu akihesabu matundu ya misumari ukutani. Saba. Matatu niliyakuta, lakini karatasi ya kuonyesha sina. Amana yote ikawa ya rangi. Napita pale kila wiki, ukuta ni ule ule.

Mama mwenye nyumba, Chuno: Mwanangu, pole. Lakini mimi mpangaji aliondoka usiku, kaacha bili ya maji ya miezi mitatu, kitasa kimeng'olewa, sinki limepasuka. Fundi peke yake 85,000, amana ilikuwa 50,000. Ningekuwa nimeshaikata kama kodi, ningeshika nini? Vile vyumba vitatu ndiyo pensheni yangu.

Mdau, Ligula: Sheria ya kudhibiti kodi za nyumba ya 1984 ilifutwa 2005. Kinachokulinda ni mkataba wako, na wengi hapa tunapeana mkono tu. Baraza la ardhi na nyumba la wilaya lipo, ila nani atafungua shauri kwa 60,000?

Fundi: Shikamoo mama. La maji na sinki sikupingi, mwenzetu huyo alikukosea. Basi tugawe: nusu ya amana isiguswe kamwe, nusu iweze kukatwa mara moja kwa mwaka mpangaji akikwama, kisha airudishe. Na siku ya kuingia tuzunguke wote wawili, kitasa, sinki, misumari, tuandike, tupige picha kwa simu, tusaini.

Mama mwenye nyumba, Chuno: Marahaba. Kuzunguka wote wawili nakubali, na nusu nakubali. Ila usiniandikie "baada ya mnada". 2018 wanunuzi na wakulima walivutana bei, serikali ikanunua yenyewe kwa 3,300 kilo, na wengi hela waliiona mwaka uliofuata. Niandikie tarehe.