Ohtani kakubali alipwe baadae, na mimi nikubali? Ni shamba la Muheza

Fundi Spoki (Ngamiani, Tanga)

Wakuu habari za asubuhi, nina jambo linaninyima usingizi wiki ya pili sasa na naomba tusaidiane.

Mimi ni fundi baiskeli hapa Ngamiani, nafunga spoki nanyoosha rimu, ndo kazi inayolisha nyumba. Ila mchezo ninaoupenda ni besiboli. Shuleni alikuja mwalimu wa kujitolea kutoka Japani akatufundisha, gongo tulichonga wenyewe kwa mti wa mwarobaini na mpira tulikuwa tunashona na vipande vya ngozi, tangu hapo sijauacha. Dodgers wakicheza kwao Los Angeles saa moja na dakika kumi usiku huku kwetu inakuwa saa kumi na moja na dakika kumi alfajiri, kwaiyo nikitoka kuswali nafungua simu, chai ya rangi na boflo pembeni, naangalia mpaka mwisho. Na niseme hapa hapa, ile saa ya kumbana mrushaji, inayompa sekunde chache tu za kurusha mpira, waliyoileta 2023 mimi naiunga mkono moja kwa moja. Kabla yake mechi ilikuwa inapita masaa matatu, sasaivi ni masaa mawili na dakika arobaini hivi, saa mbili kasoro inaisha na saa mbili kibanda kiko wazi. Wanaolalamika kwamba mchezo umeharibiwa nadhani hawana wateja wanaowasubiri na baiskeli begani.

Haya sasa jambo lenyewe. Marehemu baba ametuachia, na kwenye mirathi mimi nilipata shamba la machungwa Muheza, heka tatu. Sina uwezo wa kulihudumia, nauli tu kila wiki inanimaliza. Kapatikana mnunuzi, mtu wa huko huko, ana mashamba mengine mawili. Kanipa njia mbili nichague: milioni 9 keshi mkononi, au milioni 12 kwa miaka minne, kila mwaka milioni 3.

Mke wangu anataka keshi, tuna msingi Kange umeota majani. Mimi roho inavutwa na ile ya miaka minne na sababu yangu ni besiboli kweli, sitanii. Desemba 2023 Shohei Ohtani, yule nyota wa Kijapani, kasaini Dodgers miaka 10 dola milioni 700, alafu akakubali kila mwaka achukue milioni 2 tu, milioni 680 zilizobaki zitaanza kulipwa 2034 mpaka 2043. Watu walishangaa sana. Timu ikapata nafasi ya kuleta wachezaji wengine, wakachukua ubingwa 2024 na wakarudia 2025. Na yupo Bobby Bonilla, mchezaji wa zamani, huyu alikuwa anawadai Mets, timu ya New York, dola milioni 5.9 mwaka 2000, badala ya kuchukua akasema nilipeni kidogo kidogo kuanzia 2011 hadi 2035. Mpaka leo kila tarehe 1 Julai anaingiziwa dola milioni 1.19 na mpira aliacha 2001! Jumla itafika karibu milioni 30.

Mi naona mtu anayeweza kusubiri ndo anayeshinda. Nimeona jirani zangu wawili walilipwa fidia ya viwanja, mwaka haujaisha mmoja kauza mpaka pikipiki aliyonunua na ile hela. Naogopa milioni 9 ikikaa mkononi kwangu itayeyuka, shughuli, michango, mgonjwa, ada. Milioni 3 kila mwaka ni kama mtu kanifungia kibubu. Nakosea wapi?

Mtoto wa Raskazone

Besiboli sijui chochote mkuu ila machungwa nayajua, nimepakia malori Muheza misimu mitatu. Huyo mnunuzi atakulipa kwa hela ya wapi? Kama anategemea machungwa ya hilo hilo shamba lako basi wewe ndo unamkopesha mtaji. Msimu mkubwa wa katikati ya mwaka bei inaanguka mpaka mtu anaacha matunda yaoze chini ya mti, na wanunuzi wakubwa ni Wakenya, siku mpakani kukisumbua magari hayaji na hakuna hela Muheza nzima. Chukua keshi.

Lefti Fildi (Dar)

Fundi nimefurahi kumbe Tanga tupo! Mimi nimeanza kuangalia besiboli pale uwanja wa Azania, ule waliotusaidia Wajapani 2018, na nimekusoma mara mbili kwa sababu ni mambo ninayoyafikiria sana.

Umemchukua Ohtani nusu. Ohtani anakula wapi hiyo miaka kumi? Matangazo ya biashara, yanamwingizia makumi ya mamilioni ya dola kila mwaka nje kabisa ya mshahara. Zile milioni 2 za Dodgers kwake ni hela ya mboga, ndo maana ana uwezo wa kusema nisubiri mpaka 2034. Wewe tangazo lako ni lipi Fundi? Kibanda kikifungwa wiki moja kwa mvua nyumbani mnakula nini? Kusubiri sio tabia peke yake, kusubiri kunahitaji uwe na sahani nyingine mezani.

La pili, hela ya kesho ni ndogo kuliko ya leo na hili sio langu, ligi yao yenyewe inahesabu hivo. Ule mkataba ukigawanya ni milioni 70 kwa mwaka, lakini kwenye mahesabu ya kodi ya timu zinazozidisha mishahara wanaiandika kama milioni 46 hivi kwa sababu inalipwa mbali na haina riba. Bonilla yeye walimpa asilimia 8 kila mwaka, ndo ile 5.9 ikavimba. Sasa piga hesabu ya kwako kwa mabati. Milioni 3 ya mwaka wa nne itanunua bando ngapi za mabati ukilinganisha na milioni 3 ya leo? Mimi nimejenga, kila nikirudi dukani bei imesogea.

Alafu jiulize kwa nini anayelipa anapenda kulipa taratibu. Mets walikubali kumcheleweshea Bonilla kwa sababu wenye timu walikuwa wameweka hela kwa Bernard Madoff, mtu aliyekuwa anawekezea watu hela zao, wakaamini kule itazaa kuliko hiyo asilimia 8. Mwisho wa 2008 ikajulikana ni utapeli mtupu. Bonilla amepona kwa sababu ligi ina kanuni na timu haiwezi kumkimbia. Hata kwa Ohtani, kanuni zinawadai Dodgers waweke pembeni hela ya hayo malipo ya baadae. Nani anamlazimisha mtu wako wa Muheza aweke chochote pembeni?

Na hapo kwenye ubingwa nitakupinga kidogo kaka. Wewe unasema subira imeleta ubingwa, mimi naona pesa ndo imeleta. Marekani kwenye besiboli hakuna kikomo cha mishahara, ipo kodi tu ukizidisha, na mwenye nazo analipa kodi anaendelea. Mchezaji Juan Soto kaenda Mets kwa milioni 765 miaka 15. Oakland wao timu imewahama baada ya msimu wa 2024, watu wamekaa na ile timu tangu 1968 wamebaki na jezi. Ukiniuliza mimi nitakwambia hilo linaniuma kuliko rekodi yoyote, na mtu wa Tanga anapaswa kulielewa. Coastal Union ilikuwa bingwa wa Tanzania 1988, leo mchezaji wenu aking'aa nusu msimu tu Simba au Yanga wameshampigia.

Fundi Spoki

Lefti umenigusa pabaya hapo kwenye Coastal. Fainali ya Kombe la FA 2022 Arusha nilikuwepo, tumetoka na Yanga tatu tatu alafu tukafa kwa penalti, nimerudi na basi usiku kucha hakuna anayeongea.

Ila kwenye Dodgers bado nashikilia. Pesa peke yake haileti kombe, Mets wanamwaga hela kila mwaka na kombe lao la mwisho ni la 1986. Na wanaoumia zaidi kwenye ule mfumo sio timu ndogo, ni vijana. Mchezaji anatumikia miaka sita kamili ligi kuu ndo awe huru kuchagua timu, miaka ya mwanzo analipwa kima cha chini. Najua kima chao cha 2025 ni dola 760,000 na kwetu ni utajiri, lakini anapigia timu hom rani thelathini akiwa kijana na siku ya kuwa huru goti limeshakwisha. Kwa nini mtu asilipwe wakati anafanya kazi?

Eh, nimejijibu mwenyewe nadhani. Hebu niache nifikiri.

Bi Tatu wa Deep Sea

Mwanangu Fundi, mimi nauza samaki na ni mweka hazina wa kikoba chetu mwaka wa tisa, huo mchezo wenu wa magongo siujui lakini kuuziana kwa mafungu nakujua kwa machozi.

Niliuza kiwanja changu Pongwe kwa mafungu matatu. La kwanza alileta na soda akaleta. La pili alichelewa miezi mitano, sikusema kitu. La tatu hajaleta kwa sababu alifariki, Mungu amrehemu, na watoto wake wakaniambia mama hatujui deni lolote. Karatasi tuliyoandikishana ilikuwa na majina mawili tu, langu na lake. Nimezunguka miezi mingi mwishowe nikanyamaza, ningefanya nini, na mjane wake ni mtu wa dini tunakutana msibani.

Kwaiyo kabla hujauliza tisa au kumi na mbili, uliza haya. Akifa yeye nani analipa, na mkewe na mtoto wake mkubwa wasaini hapo hapo. Ukifa wewe nani anapokea, andika jina la mkeo. Andikieni kwa wakili, na mwenyekiti wa kijiji na majirani wa mipaka wawepo, wanaouza maneno baadae ndo hao hao. Karatasi za shamba zibaki kwako mpaka shilingi ya mwisho, na iandikwe akipitisha miezi mitatu bila kulipa shamba linarudi na alichokwisha lipa kinahesabiwaje. Dada zako nao wasaini kwamba wanajua, hata kama mirathi imefungwa. Shamba la baba huwa linakumbukwa siku ya kuuzwa.

Na ukisikia mtu anakwambia kumi na mbili badala ya tisa ni riba, mimi nilimuuliza shehe wetu, akasema bei ya mkopo kuwa kubwa kuliko ya keshi haina ubaya mkishakubaliana bei moja kabla ya kuachana. Kinachoharibu ni akichelewa ukamuongezea. Ndo maana mimi hati fungani za serikali huwa sizigusi, ingawa najua unaanza na milioni moja tu na faida wanatoa kila baada ya miezi sita, dada yangu anazo. Siku hizi kuna sukuk, hati kama hizo zisizo na riba, hiyo waulize benki.

Halafu mwanangu, mkeo hakukosea. Msingi ulioota majani unaoza.

Lefti Fildi (Dar)

Bi Tatu shikamoo, hayo ya kwako yamezidi yangu yote.

Fundi, mpigaji mzuri kabisa wa besiboli anafeli mara saba kwenye kumi na bado anaitwa nyota, kwa sababu anarudi tena kupiga. Shamba la baba unauza mara moja. Omba katikati, kubwa sasaivi, dogo baadae, na muda usizidi misimu miwili.

Fundi Spoki

Wakuu narudi na mrejesho. Bi Tatu shikamoo mama, nimemsomea mke wangu maneno yako jikoni, ule mstari wa msingi kanifanya niurudie mara mbili.

Jumamosi nilienda Muheza. Nilifanya kama alivosema Mtoto wa Raskazone, nikamuuliza waziwazi hela ya kulipa inatoka wapi. Alinijibu kweli, akasema inategemea machungwa, na mwaka huu anataka abaki na mtaji akachimbe kisima kwenye shamba lake la juu. Sio mtu mbaya, ila nimeelewa kwamba kisima chake ningekichimba mimi. Nikamwambia milioni 7 siku ya kusaini na milioni 3 msimu mkubwa ujao, basi, jumla kumi. Alikataa, tukanywa kahawa, akaenda kuongea na mkewe ndani, akarudi akasema milioni 6 na nusu na tatu baadae. Nimekubali. Ni tisa na nusu, pungufu ya ile kumi na mbili niliyokuwa naiota, lakini sita na nusu inafika kwenye linta ya nyumba ya Kange na inabaki kidogo ya kuongeza mashine ya kulehemu fremu kibandani.

Mkewe atasaini na mtoto wao wa kwanza pia. Dada zangu wanakuja wote wawili, wa Korogwe nimemtumia nauli jana. Tunasaini Jumanne, siku hiyo Dodgers wanacheza alfajiri nitaiacha mana basi la Muheza nataka la mapema.

Bi Tatu, wakili wa kuandika karatasi kama hiyo anatoza kiasi gani huko, nisije nikafika mikono mitupu?

Bi Tatu wa Deep Sea

Beba laki moja na nusu, ukizungumza vizuri itashuka. Beba na kopi ya fomu ya mirathi na vitambulisho vya wote, na hela isihesabiwe mezani mwanangu, ipite benki ibaki na alama.

Fundi Spoki

Benki mama. Nimeshamwambia.