Mini-ITX kwa Core i9-14900K: B760 itahimili kurenda usiku kucha?

MchoraFremu
Wakuu, naomba ushauri kabla sijatoa pesa. Kazi yangu ni uhuishaji wa 3D kwenye Blender. Prosesa ninayo tayari, Core i9-14900K. Kompyuta hii nahama nayo kila mara kati ya nyumbani na studio, kwa hiyo kasha lazima liwe dogo na mazabodi iwe Mini-ITX, ile ya milimita 170 kwa 170.

Nimebaki na mbili. Moja ina chipseti ya B760, sanduku limeandikwa 8+1+1. Nyingine ni Z790, 10+1+2, na bei yake ni karibu mara mbili. Siovakloki (sipandishi kasi ya prosesa kupita ya kiwandani) wala sichezi gemu. Lakini nikianza kurenda, yaani kompyuta kukokotoa picha za mwisho, koa zote 24 (viini vya prosesa) zinafanya kazi hadi asubuhi. Je, hii ya B760 itahimili au nitaichoma?

Kizidishi
Chukua Z790. Ukinunua i9 halafu ukaiweka kwenye B760 unaionea.

FundiSaketi
Ndugu MchoraFremu, weka kando herufi B na Z kwanza. Z790 inakuruhusu kupandisha kizidishi cha prosesa (namba inayopanga kasi yake) na B760 hairuhusu, na wewe umeshasema huovakloki. Chipseti, ile chipu inayounganisha prosesa na vifaa vingine, haipeleki umeme kwenye prosesa. Kazi hiyo ni ya VRM, ile saketi iliyozunguka soketi inayoshusha volti 12 za pawa saplai hadi volti moja na kitu. Mimi natengeneza mazabodi, na mbovu nyingi ninazoletewa zikiwa na prosesa kubwa, ugonjwa huanzia hapo.

Piga hesabu. Intel wameipa prosesa yako wati 125 za msingi na 253 inapopanda juu kabisa. Chini ya mzigo tuseme inakula volti 1.2. Gawa 253 kwa 1.2, unapata ampea 210, zote zikipita kwenye kona ya ubao unaotosha kiganjani. VRM ikifanya kazi kwa ufanisi wa asilimia 90, inabaki na joto la wati 28 hivi juu yake yenyewe. Kwenye kasha kubwa joto hilo linapata pa kwenda. Kwenye lako lazima ulitafutie njia.

Sasa 8+1+1. Namba ya kwanza tu ndiyo fezi (njia za VRM zinazogawana mkondo) zinazolisha koa, usihesabu zingine. Fezi 8 zikigawana ampea 210, kila moja inabeba 26. Zikiwa 10, kila moja inabeba 21. Usidharau hizo 5, kwa sababu joto la ukinzani hupanda kwa kipeo cha pili cha mkondo: kama mosfeti (swichi za umeme za VRM) ni za aina moja, kila fezi imepunguziwa karibu theluthi ya joto hilo. Kwa hiyo ingia kwenye ukurasa wa mtengenezaji, usome kila fezi ni ya ampea ngapi. Ya 50 na ya 105 si ndugu hata kidogo. Kisha tazama picha ya alumini iliyofunika VRM. Ikiwa na mapezi na imekaa pande zote mbili za soketi, vizuri. Plastiki ya urembo yenye taa haipozi chochote.

Lingine ni BIOS, programu ya ndani ya mazabodi. Mazabodi nyingi za prosesa hizi zilitoka zikiwa zimeondolewa ukomo wa umeme, unafungua unakuta PL1 na PL2 (ukomo wa wati wa muda mrefu na wa muda mfupi) zimeandikwa 4096. Hapo i9 inaweza kupita wati 300. Weka ukomo wewe mwenyewe. Na sasisha BIOS kabla hujarenda hata fremu moja, iwe na maikrokodi (maelekezo ya ndani ya prosesa) 0x12B ya Septemba 2024 au mpya zaidi, kwa sababu hizi za kizazi cha 13 na 14 zilikuwa zikiomba volti kubwa kupita kiasi na kuharibika polepole. Hilo Intel wenyewe walilikiri.

UbaoMpana
Mimi ningeongeza kasha kidogo nikaweka Micro-ATX, milimita 244. Unapata nafasi nne za RAM na VRM inapumua.

MchoraFremu
Asante sana FundiSaketi. UbaoMpana, kasha limeshanunuliwa, haiingii. Nimesoma kurasa zote mbili: B760 ina fezi za ampea 50, alumini ya kawaida pande mbili. Z790 ni za 105. Ukomo wa umeme niweke ngapi, na nitapoteza kasi kiasi gani? Pia nilipanga kupoza kwa maji, redieta ya milimita 240.

FundiSaketi
Anza na wati 160, PL1 na PL2 zote. Matumizi ya umeme yanafuata masafa mara kipeo cha pili cha volti, na zile megahezi za mwisho ndizo zinazodai volti nyingi, kwa hiyo ukikata wati kwa theluthi hutapoteza theluthi ya kasi. Kwa wati 160 ni ampea 133 hivi, kila fezi ya B760 inabeba 17. Hapo fezi ya 50 haina shida, mradi ipate upepo.

Upepo ndio unaonitia wasiwasi na maji yako. Pampu inakaa juu ya prosesa, joto la prosesa linaenda kwenye redieta, halafu VRM inabaki hewa imetuama juu yake. Kipoza chenye feni inayopuliza kuelekea kwenye ubao kingefaa zaidi kwa wati hizo, maana kinapoza VRM, RAM na SSD kwa pamoja. Ukishikilia maji, hakikisha kuna feni ya kasha inayopuliza upande ule wa juu.

Kwa hali hiyo mimi ningenunua B760 bila kusita. Tofauti ya bei iweke kwenye RAM: nafasi ni mbili tu, weka vipande viwili vya GB 48 moja kwa moja upate 96, maana ukianza na vidogo utavitoa vyote baadaye. Ungekuwa unataka kuiachia wati 253 usiku kucha, ningekuambia Z790.

MchoraFremu
Nimekuelewa mkuu. Nachukua B760, na maji naachana nayo. Nitajuaje kama VRM inaelemewa?

FundiSaketi
Weka HWiNFO, programu ya kusoma vihisi vya kompyuta, renda nusu saa kasha likiwa limefungwa. Angalia mstari wa joto la VRM kama mazabodi yako ina kihisi hicho, na kasi ya koa. VRM ikikaa chini ya nyuzi 90 na kasi haiyumbi, uko salama. Kasi ikiporomoka ghafla wakati prosesa yenyewe haijakaribia nyuzi 100 na wati bado ziko chini ya 160, ujue VRM ndiyo inayojihami. Shusha hadi 140, kisha rudi hapa na picha ya skrini tuangalie upepo unapita wapi.