Maumivu ya nyonga na kinena mimba ikiwa kubwa: mkanda, mazoezi au dawa?

MamaTarajali_Tanga: Wadada naombeni msaada, nina wiki 29, hapa mbele kwenye mfupa wa kinena panauma kama panachanika, kugeuka kitandani shida, kupanda daladala ndo usiseme. Kliniki nimeambiwa ni kawaida nivumilie. Kuna wanaosifia mkanda wa wajawazito, wengine mazoezi, wengine dawa. Kipi kiliwasaidia kweli?

BintiMzizima: Pole mamii. Mi mkanda, ila ujue unavaliwa wapi, wengi wanabana juu ya tumbo, hapana, unapita chini ya tumbo ushike nyonga. Nikiwa na mizunguko navaa, nikikaa navua. Hela ikigoma kanga ifunge hapohapo.

ShangaziMkunga: Pole mwanangu. Mimba ina homoni zinazolegeza viungo vya nyonga vijiandae na uzazi, ndo maana panauma, mtoto hadhuriki. Kwangu mazoezi na namna ya kujongea ni namba moja, mkanda unafuata, dawa mwisho. Kitandani bana magoti ugeuke mwili mzima, mto uweke katikati ya magoti, nguo vaa ukiwa umekaa maana kusimama mguu mmoja ndo kunachokonoa, ngazi panda moja moja ukitanguliza mguu usiouma, ndoo za maji waachie wengine. Na omba wakuandikie fiziotherapia, yaani mazoezi tiba ya hospitali, usikubali kuambiwa vumilia tu!!

Zuu_K: Mi usiku panado ndo ilinipa usingizi. Jirani alinishauri diklofenaki, ile ya maumivu, nikaenda kununua duka la dawa wakanikatalia kabisa

ShangaziMkunga: Walifanya vizuri sana Zuu. Diklofenaki na brufen kuanzia wiki ya 20 zinaweza kusumbua figo za mtoto na maji ya uzazi yakapungua. Panado ndo ya kuanzia, kwa kipimo. Na kuchuliwa tumbo msikubali.

MamaTarajali_Tanga: Shikamoo shangazi, asante. Na mkojo kuchoma tangu juzi ni hiyohiyo?

ShangaziMkunga: Marahaba. Hapana mwanangu, hiyo ni nyingine, inaweza kuwa UTI, maambukizi ya njia ya mkojo, kapime mkojo kesho asubuhi. Ukiona damu, maji yanatoka, homa, au tumbo linabana na kuachia kwa mpangilio, nenda usiku huohuo.

MamaTarajali_Tanga: Sawa shangazi, asubuhi naenda, na hiyo fiziotherapia naiulizia hukohuko. Mkanda nasubiri kwanza, leo nafunga kanga