Tupeane uzoefu: kukaa meza moja na wanachama wenzako wa chama cha modeli kulikufundisha nini ambacho karatasi ya maelekezo haisemi?

Mzee wa Msasa

Wakuu, salaam. Uzi huu ni wa wanaounda modeli za plastiki na wamewahi kukaa meza moja na wenzao chamani. Karatasi ya maelekezo inakuonyesha kipande cha 14 kinaingia kwenye cha 15, basi. Mengine utayapata kwa kumwangalia mtu mikono. Tusiandike "chama kinaleta udugu", hilo tunalijua. Andika kitu ulichokiona kwa macho yako.

Naanza mimi. Stika za maji, zile unazozilowesha ndipo ziteleze kutoka kwenye karatasi yake, zilinisumbua sana. Ukizibandika kwenye bawa, utando wake unaonyesha ukungu mweupe pembeni, na ndege nzima inaonekana imepachikwa viraka. Nikawa nalaumu stika. Mzee mmoja chamani hakujibu kwa maneno. Alichukua bawa la mabaki, akalipaka lote rangi isiyong'aa, kisha nusu yake akaipitishia vanishi ya kung'aa. Lilipokauka akabandika stika mbili zinazofanana, moja kila upande, akaliinamisha chini ya taa. Upande wa vanishi stika ilikuwa kama imechorwa pale pale. Upande wa pili, ukungu. "Hiyo ni hewa," akasema. Rangi isiyong'aa ina uso wenye vilima na mabonde hata kama jicho halioni. Stika inalala juu ya vilima, hewa inabaki chini yake. Stika zikikauka ndipo unapitisha vanishi isiyong'aa juu ya kila kitu na ule mng'ao unaondoka.

Gundi Kidogo

Mkuu, mimi ni gundi, kama jina langu. Kuna dada chamani kwetu anaunganisha mwili wa ndege bila kupaka gundi kabla. Anazishika nusu mbili zikiwa zimeshakutana, anagusa mstari kwa ncha ya brashi yenye gundi ya majimaji, na gundi inajivuta yenyewe ndani ya ufa. Unaiona inakimbia. Sababu ni kwamba gundi ile haibandiki, inayeyusha plastiki ya pande zote mbili ili ziwe kitu kimoja. Akiminya kidogo, plastiki laini inatokeza juu ya mstari kama uzi mwembamba. Haifuti! Anaiacha mpaka kesho yake, inakuwa ngumu, ndipo anaikwangua na kupiga msasa. Mara nyingi hahitaji hata puti.

Halafu kioo cha rubani: supagluu isikaribie. Mvuke wake unaganda juu ya plastiki angavu na kuifanya nyeupe. Tumieni gundi nyeupe ya mbao, ikikauka haionekani.

Fundi Meli

Nyie wa ndege mna raha. Sisi wa meli tunaishi na hesabu. Titanic ilikuwa na urefu wa mita 269. Kwa skeli ya 1/350, yaani ndogo mara 350 kuliko meli yenyewe, inakupa sentimita 77, hapo uwe umeshaelewana na watu wa nyumbani. Kwa 1/700 inashuka hadi 38, na ndiyo wengi tunaunda.

Nilichojifunza chamani ni kutoa kikokotoo kabla ya kununua kitu. Mwenzangu mmoja aliniuliza: bomba la reli ya sitahani lenye unene wa sentimita 3, kwa 1/700 ni kiasi gani? Ni kama milimita 0.04. Nyembamba kuliko karatasi. Kwa hiyo reli ya plastiki kwenye meli ndogo lazima iwe nene kupita kiasi, hakuna kiwanda kitakachoikwepa hiyo. Ndiyo maana tunatumia vibati vya shaba vilivyokatwa kwa asidi, na hata hivyo bado ni vinene kuliko inavyotakiwa, ila jicho linakubali. Kuvikunja kuna siri: weka wembe mmoja upana juu ya mstari wa mkunjo, ingiza wembe wa pili chini ya upande wa nje, inua taratibu kwa urefu wote mara moja. Ukikunja kwa kibano kidogo kidogo, reli inapinda kama nyoka na haitanyooka tena.

Binti Rangi

Fundi Meli, hesabu za skeli ziliwahi kuzua ubishi mkubwa kwetu. Mgeni aliuliza kwa nini vifaru viwe 1/35 wakati ndege ni 1/72 na 1/48. Wa 1/72 akajibu upesi: inchi moja badala ya futi sita, na tangu 1936 seti za plastiki za Frog Penguin kule Uingereza zilikuwa za kipimo hicho. Wa vifaru akanyamaza kidogo, kisha akacheka. Kifaru cha Panther cha Tamiya, kiwanda cha modeli cha Japani, mwanzoni mwa miaka ya 1960, kilikuwa na injini ndogo ya umeme na betri ndani. Ukubwa wake ulitokana na nafasi ya kuzitosha betri. Ikawa 1/35, na kiwanda kikaendelea nayo, na wengine wakafuata. Mpaka leo mwanajeshi wa mita 1.75 tunamchora uso kwenye sentimita 5, na chanzo ni betri.

Ila mimi nilitaka kusema juu ya mashindano. Niliwahi kumsindikiza jaji akizunguka na tochi. Sikutegemea alichokitazama. Hakuanza na rangi wala historia. Alichuchumaa mpaka macho yakawa sawa na meza, akatazama kama mabawa yamelingana na magurudumu yote yanagusa chini. Kisha akapitisha tochi kwa ubavu, mshono wowote uliofichwa ukajitokeza. Modeli mbili zenye rangi za kuvutia zilishindwa hapo hapo. Tangu hapo tochi ni kifaa changu cha kwanza, kabla ya praima.

Sasa, mfumo wa nafasi ya 1, 2 na 3 siupendi. Vyama vingine vinapima kila modeli kwa kigezo chake: ikifikia dhahabu inapewa dhahabu, hata zikiwa tano. Huo ni wa haki zaidi, maana huwezi kuwajibika kwa mtu aliyeleta kazi ya miaka mezani siku uliyoleta yako.

Mzee wa Msasa

Binti Rangi, hapo tunatofautiana. Dhahabu ikiwa ya kila mtu, nani atajua ipi ilikuwa bora? Lakini tochi nakubali.

Mhesabu Riveti

Mnatusema sana sisi wahesabu riveti, tunaokagua kila kitu kidogo, ila acha nami nichangie. Wenzetu walikuwa na modeli ya ndege ya jeti iliyokaa mkia chini, pua juu. Ndege za gurudumu la mbele zinahitaji uzito puani, na karatasi ikisema "gramu 10" usiiamini moja kwa moja, kwa sababu ukiongeza vipande vizito vya rezini nyuma, hesabu imebadilika. Chamani wanafanya hivi: nusu mbili zinafungwa kwa teipu bila gundi, mabawa pia, kisha modeli inawekwa juu ya penseli mbili mahali magurudumu makubwa yatakapokuwa. Unaongeza vipande vya risasi, ile metali nzito, puani mpaka iinamie mbele yenyewe, halafu kidogo zaidi kwa ajili ya rangi. Ndipo unafunga mwili. Ukishafunga, imekwisha.

Ghala Limejaa

Yangu si ufundi hasa. Mwenzetu alifariki, akaacha maboksi ya modeli hadi darini. Familia ilikuwa karibu kuyatupa. Chama kikayaorodhesha, kikayauza kwenye meza ya kubadilishana, fedha zikaenda kwao. Boksi moja lilikuwa na ndege aliyoifikisha nusu. Tulibishana: iachwe ilivyo au imaliziwe? Walioshinda ni wa kumalizia, na mimi nilikuwa upande wa pili.

Tatizo likawa stika: za zamani, zimegeuka njano. Aliyepewa kazi alizifunga kwenye mfuko wa plastiki na kuzibandika kwa ndani ya kioo cha dirisha linalopigwa na jua. Njano inapauka taratibu. Kisha akazipitishia vanishi kabla ya kuzitia majini, maana stika za umri ule huvunjika vipande zikiguswa na maji.

Msomaji Mpya

Ghala, samahani, hizo stika zilikaa dirishani muda gani? Nina seti ya baba mdogo yenye shida hiyo hiyo.

Ghala Limejaa

Inategemea jua, mdogo wangu. Wiki kadhaa. Chungulia kila baada ya siku chache, usizisahau, maana nyekundu nayo inapauka. Na jaribu kwanza ile ambayo hutaitumia.