Naomba ushauri: mama arudi Goma ama tungoje?
Ndugu zangu naombeni ushauri. Mama tuko naye hapa Nairobi tangu waasi wa M23 wachukue Goma, mashariki mwa Kongo, Januari 2025, sasa anang'ang'ana kurudi kwa nyumba yake mtaa wa Himbi huko Goma, anasema tukichelewa watu watajigawia. Mimi naogopa, benki zilifungwa, ndege zikasimama, Bukavu nayo ikaenda Februari, alafu Kongo ikasaini na Rwanda huko Washington mwezi wa 6 na M23 huko Doha mwezi wa 7 na bado risasi zikaendelea, kusema ukweli siamini Kigali, yaani Rwanda inayodaiwa kuwasaidia M23, itaachia kirahisi. Kuna mwenye mzazi amerudi? Akilazimishwa kusajili nyumba upya kwa hao wakubwa wapya wa M23, serikali ya Kongo ikirudi hizo karatasi zitakubalika? Na hela mnatuma aje, kupitia Gisenyi upande wa Rwanda ama kwa simu?