Kwenda kuona nyangumi: mashua ndogo ya watu 8 ao bato kubwa?

PapaGlody
Wakubwa kwa wadogo wa L'shi (Lubumbashi), jambo kwenu. Nimeweka akiba tangu mwaka jana, na safari hii nimewaahidi watoto bahari. Maji makubwa waliyowahi kuyaona ni ziwa la Kipopo. Sasa Glody amesoma shuleni habari za nyangumi (baleni, kama anavyosema mwalimu wake), na nyumbani amani imekwisha: nyangumi asubuhi, nyangumi jioni.

Nimeandikiana na watu wa pande mbili, Watamu kule Kenya na Hermanus kule Afrika Kusini. Kote naambiwa vilevile: kuna mashua ndogo inayochukua watu 8 tu, na kuna bato kubwa ya watu wengi. Bei ya ndogo inakaribia kuwa mara mbili. Tofauti ipo kweli, ao ni maneno ya biashara? Natakiwa kutuma akonti (malipo ya kutanguliza) kabla ya Ijumaa.

Mwana_Katuba
Kenya gani, papa? Ile ya soko, hapa hapa L'shi, ao ile ya Nairobi? Kama ni ya soko minakupeleka na moto (pikipiki) yangu leo leo. Nyangumi haiko, lakini fretini (samaki wadogo) iko mingi.

fundi_Kipushi
Wacha mzaha, mtoto. PapaGlody, mambo yote ya maana umeyaacha nyumbani. Mwezi gani? Mko wangapi? Mdogo kabisa ana miaka mingapi? Nani anajua kuogelea? Paspoti ziko? Umekuja kwa mshonaji bila kuleta kipimo.

PapaGlody
Tuko watano: mimi, mama yao na watoto watatu. Mdogo ana miaka 6. Kuogelea, hakuna anayejua. Paspoti mbili ziko, tatu zinatengenezwa.

fundi_Kipushi
Na mwezi?

Malindi_Mwambao
Karibuni pwani, jamaa wa Kongo. Watamu ni jirani zangu, kwa hiyo niruhusuni.

Nyangumi wa huku ni wale wa nundu. Wanatoka kusini kabisa, kwenye bahari ya barafu, wanaanza kufika kwetu Julai kuja kuzaa na kutafutana, na Oktoba wanaanza kutuaga. Majike wakiwa huku karibu hawali kitu, wanaishi kwa mafuta waliyoyaweka mwilini, huku mtoto ananyonya tu. Shida ni kwamba miezi hiyo ndiyo ya kusi. Ndani ya mwamba maji yametulia, unaweza kunywa chai. Lakini nyangumi hawako ndani ya mwamba. Nahodha lazima apite mlangoni atoke nje, na pale ndipo mtu anapojua kama tumbo lake ni lake kweli.

Ndogo na kubwa zina raha tofauti. Kwenye ndogo uko karibu na maji. Nyangumi akipumua unasikia ule mlio, na upepo ukiwa upande wako unapata na harufu yake, ambayo si ya kusifiwa. Nahodha anajua majina yenu. Lakini inarushwa. Kubwa hairushwi hivyo, ila uko juu, uko mbali, na unagombea nafasi. Kwa mtoto wa miaka 6 mimi ningeuliza kwanza kama wana jaketi la kuokolea la kipimo chake, si la baba yake lililofungwa kwa kamba mara tatu.

Jambo jingine: nyangumi akizama anaweza kukaa chini dakika kumi, hata zaidi. Wageni huanza kununa dakika ya tatu.

MamaRuashi
Mimi nitasema yangu, muniwie radhi ni ndefu.

Mwaka 2019 nilikuwa Cape Town kwa biashara ya nguo pamoja na wifi yangu. Siku ya mapumziko tukapanda gari mpaka Hermanus, kama saa moja na nusu hivi. Tukachukua bato kubwa kwa sababu ni rahisi. Jina la wenye bato silitaji. Asubuhi tulikuwa tumekula kama watu wanaokwenda kulima: mayai, soseji, maharage. Hakuna aliyetuonya.

Bato ikajaa. Nilihesabu watu mpaka 50 nikaacha. Mwanzoni ilikuwa furaha, wifi anaimba. Halafu nahodha akapunguza injini ili tungoje, na bato ikaanza kulala ubavu huu, ubavu ule. Injini ikikimbia tumbo linavumilia. Ikisimama, basi. Wifi akawa wa kwanza kuomba mfuko, mimi wa pili, kijana mmoja mzungu mbele yetu wa tatu, na toka hapo ikawa kama kwaya: mmoja anaanzisha, wengine wanapokea.

Mara tukasikia: kushoto! Watu wote wakakimbilia kushoto, simu juu. Mimi ni mfupi. Migongo niliyoiona ni ya watu. Nilipopenya mpaka ukingoni, kushoto kumekwisha, sasa ni kulia. Wifi akajinyoosha ili naye aone, upepo ukamvua perike (wigi). Mpya, ya nywele za kweli, alikuwa hajamaliza hata kuilipa. Ikaondoka na maji polepole, na hicho ndicho kitu pekee nilichokiona vizuri kikielea siku ile.

Tuliporudi bandarini nikauliza habari ya pesa. Wakasema mgongo ulionekana mara moja, kwa hiyo safari imefaulu. Bato iliyotoka baada yetu haikuona chochote, na watu wake wakapewa karatasi ya kurudi siku nyingine bure. Sisi hata karatasi hatukupata, na hata tungepata, ndege yetu ilikuwa kesho yake.

Kwa hiyo PapaGlody, iwe ndogo iwe kubwa, waulize kwanza: kwenu ninyi "kuona nyangumi" maana yake nini? Na wakuandikie.

fundi_Kipushi
Pole mama. Lakini hapo mwenye kosa ni maharage.

MamaRuashi
Wewe hukuwepo.

Kasapa_kwanza
Kwa nini mnalipia bato Hermanus? Mimi nimeishi Cape Town miaka mitatu. Nyangumi wa kule ni wa aina nyingine, hawana pezi mgongoni, kichwani wana magamba meupe kama chokaa, na wakipumua mvuke unapanda kama herufi V. Hao wanaingia ghubani kuanzia Juni mpaka Novemba, na wanakuja karibu na nchi kiasi kwamba unawaona ukiwa umekaa juu ya mawe na andazi lako mkononi. Kuna njia ya miguu inayofuata ukingo wa bahari kilomita nyingi. Bure. Hakuna kutapika, hakuna perike kupotea. Septemba na Oktoba ndiyo kilele.

Tena ukiwa kwenye bato hufiki karibu kama unavyodhani. Sheria yao inasema chombo kisicho na kibali kikae mita 300, na chenye kibali kisizidi kumkaribia mita 50. Mtu akikuahidi utamshika mkono nyangumi, kimbia.

Malindi_Mwambao
Juu ya mawe utaona. Lakini ukiwa majini unahisi. Si kitu kimoja.

Kasapa_kwanza
Mtoto wa miaka 6 asiyejua kuogelea ahisi nini? Woga?

Diakoni_Kamalondo
Niulize kidogo hapo. Huyu samaki, ndiye aliyemmeza Yona?

Mwalimu_Bio
Si samaki, diakoni. Anapumua hewa kwa mapafu, anazaa, ananyonyesha. Mtazame mkia: wa samaki umesimama na unapiga kushoto na kulia, wa nyangumi umelala na unapiga juu na chini. Na huyu wa nundu koo lake ni jembamba, mtu hapiti. Chakula chake ni vidagaa na vikamba.

Diakoni_Kamalondo
Kitabu cha Yona kinasema "samaki mkubwa". Sikusema nyangumi ni mimi, ndiyo maana niliuliza. Na Mungu akitaka koo lipanuke, litapanuka.

Mwalimu_Bio
Hilo si somo langu.

Mwana_Katuba
Ndiyo, lakini Yona yeye hakulipa akonti.

fundi_Kipushi
Turudi kwenye safari. PapaGlody, Hermanus maana yake viza ya Afrika Kusini kwa watu watano, na paspoti tatu bado hazijatoka. Kote mtaulizwa karte jone, ile kadi ya chanjo ya homa ya manjano. Kama watoto hawajachanjwa, wachanjwe mapema, kwa maana karte inaanza kufanya kazi baada ya siku 10. Uzuri ni kwamba tangu 2016 haimaliziki, ni ya maisha. Sasa, mara ya tatu nauliza: MWEZI?

PapaGlody
Samahani wakubwa, nilikuwa kazini. Ni konje (likizo) ya Noeli. Tungetoka tarehe 22 Desemba, na bato ni tarehe 28.

Malindi_Mwambao
Desemba?

Kasapa_kwanza
Desemba??

Malindi_Mwambao
Ndugu yangu, tarehe 28 Desemba Watamu utaona bahari nzuri sana, kaskazi inavuma, maji safi, pomboo wanaruka. Nyangumi wa nundu, hapana. Wako njiani kurudi kwao ao wameshafika.

Kasapa_kwanza
Na Hermanus wengi wao wameshateremka kusini. Ila hebu tuambie: hao unaoandikiana nao uliwatajia tarehe?

PapaGlody
Niliwatajia. Mmoja alisema msimu umekwisha, nikadhani anataka kunisukumia bei nyingine. Yule wa mashua ndogo alisema "hakuna shida, karibu".

MamaRuashi
Ona sasa. Aliyekwambia ukweli ndiye uliyemshuku.

fundi_Kipushi
Usitume akonti. Halafu usitume akonti.

Malindi_Mwambao
Ngojeni, msimkatishe tamaa mtoto. Desemba kuna papa potwe kisiwani Mafia, Tanzania. Wanaonekana kuanzia Oktoba mpaka Machi hivi, karibu na Kilindoni. Ni mkubwa kuliko samaki wote duniani, ana madoa meupe mwili mzima kama amevaa kitenge, na hali watu, anachuja vijidudu vya majini. Mashua ni ndogo, bahari ya upande ule ina kinga. Wanaojua kuogelea wanaruka na miwani, wasiojua wanabaki chomboni na wanamwona vizuri kwa sababu anakula juu juu.

Mwalimu_Bio
Kweli, ila huyo ni samaki. Wazungu wamempa jina lenye nyangumi ndani kwa ajili ya ukubwa wake.

Diakoni_Kamalondo
Sasa huyo ndiye samaki mkubwa.

Mwalimu_Bio
Diakoni, tafadhali.

PapaGlody
Nimemuuliza Glody. Amesema potwe ni papa, yeye aliahidiwa baleni. Mama yake amesikia neno "papa" na amekataa kabisa, madoa ao bila madoa.

Kasapa_kwanza
Basi ahirisha mpaka vakansi kubwa. Watoto wanafunga shule Julai, na Julai na Agosti zinafaa pande zote mbili, Watamu na Hermanus. Paspoti zitakuwa zimetoka, na bei ya mashua ndogo utakuwa umeijazia.

Malindi_Mwambao
Agosti njooni, lakini mjue kusi ni kusi. Kuna siku nahodha mwema atawaambia leo hatutoki. Kaeni siku nne tano, msije na siku moja mkononi. Na asubuhi kuleni mkate mkavu na tangawizi.

fundi_Kipushi
Umesikia, MamaRuashi? Mkate mkavu.

MamaRuashi
Nimesikia. Na perike mfungie mama Glody kilemba juu.

Mwana_Katuba
Mi naona Mafia ni muzuri juu batu banaweza kuenda na bisi. Kasumbalesa, Kapiri, Nakonde, Tunduma, Mbeya, paka Dar. Njo njia ya bakubwa betu ba biashara.

fundi_Kipushi
Na mtoto wa miaka 6? Siku mbili tatu nyuma ya malori ya shaba, mwezi wa mvua? Umewahi kuona foleni ya mpakani Kasumbalesa siku za Noeli?

Mwana_Katuba
Ndugu yangu mukubwa alienda na mutoto wa myaka mine.

MamaRuashi
Tunduma siku hizi bisi zinalala ao zinapita moja kwa moja? Nina mzigo Dar.

Mwana_Katuba
Zingine zinalala. Mama, mzigo kilo ngapi?

PapaGlody
Sijatuma akonti. Yule wa "hakuna shida" amepiga simu mara mbili leo. Nimemwomba aniandikie kwamba tarehe 28 tutaona nyangumi. Tangu saa nane hajajibu.

MamaRuashi
Kilo 60, ni viatu.